Aliye likizo ya ugonjwa wa akili naye apewe jembe, ila kwa kipimo

MGENI siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaijua sote, na vijijini bado inafanya kazi. Lakini yupo mgeni mmoja ambaye tunamvunjia utaratibu huo, tena kwa nia njema kabisa. Huyo ni ndugu yetu mwajiriwa anayerudi nyumbani kutoka mjini akiwa na karatasi ya daktari inayosema apumzike kwa sababu ya msongo wa mawazo, sonona au ugonjwa mwingine wa akili.

Huyo tunamwandalia kiti kibarazani, tunamletea chai, na akishika hata ndoo tunamnyang'anya. "Wewe pumzika," tunamwambia, kisha sote tunaondoka kwenda shambani, sokoni na dukani. Anabaki yeye, kuku na redio kuanzia asubuhi hadi jua linapotua.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba kumwacha mtu wa namna hiyo bila kazi na bila watu si kumpumzisha, bali ni kumuongezea ugonjwa wa pili. Na kwa kuwa wanaowapokea wagonjwa hawa kwa kiasi kikubwa ni wakulima na wafanyabiashara wadogo, yaani ninyi wasomaji wa kurasa hizi, dawa ya ugonjwa huo wa pili iko mikononi mwenu.

Nianze na sheria, maana wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Sheria haisemi kwamba ugonjwa lazima uwe wa mguu au wa tumbo. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine.

Kwa mfano, mtumishi wa kampuni anayelipwa Sh600,000 kwa mwezi ataendelea kupata fedha hiyo kwa takriban miezi miwili. Kuanzia siku ya 64 atakuwa akipata kiwango cha Sh300,000 kwa mwezi. Familia inayompokea inapaswa kuijua tarehe hiyo mapema na kuipangia, kwa sababu hofu ya fedha ni mzigo mkubwa kwa mtu ambaye tayari ana mizigo kichwani.

Kwa hiyo suala la mshahara, angalau kwa muda, sheria imelishughulikia. Ambacho hakuna sheria inayokilipa ni vile vitu vingine ambavyo kazi humpa mtu, na ambavyo hupotea siku ileile anapofunga mlango wa ofisi.

Wachumi na wataalamu wa jamii walilitambua jambo hili zamani. Katika kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiajiri karibu kijiji kizima kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Mwaka 1931 na 1932 watafiti akiwamo mwanamama Marie Jahoda walikwenda kwa watu wale kuangalia siku zao zinavyokwenda.

Mtu angetegemea kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi, wangetembeleana zaidi na kufanya yale waliyokuwa wakiyaahirisha. Ilikuwa kinyume. Maktaba ya wafanyakazi ilikuwapo, lakini idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilishuka kwa karibu nusu. Wanaume walitembea barabarani polepole na kusimama kila mara, na wengi hawakubeba tena saa. Wakiulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, walishindwa kukumbuka. Wanawake, ambao bado walikuwa na chakula cha kupika na watoto wa kuhudumia, walitembea kwa haraka kuliko wanaume.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba, mbali na fedha, kazi humpa mtu mambo matano. Humpangia siku yake, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, humuunganisha na lengo la wengi, humpa jina na heshima mbele za watu, na humlazimisha kujishughulisha hata siku ambayo hana hamu.

Watu wa Marienthal walipoteza kazi, na mgonjwa wetu hajaipoteza, amepumzishwa tu. Lakini kwa mambo hayo matano hali yake ni ileile. Akaunti yake ya benki inasoma mshahara, ila mambo mengine yote yamesimama. Hapo ndipo kukaa bure kunapoanza kumchosha mtu kuliko hata kazi ilivyomchosha, na upweke unamkuta akiwa ndani ya nyumba yenye watu wanane.

Ninalisema hili nikiwa nimelipitia. Mwaka 2022 niliandikiwa likizo ya wiki tisa kwa sababu ya sonona, nikaenda kwa wazazi wangu wilayani Rungwe. Wazazi wana migomba, chai kidogo na ng'ombe wawili. Walinipokea kwa upendo ambao sina la kuulaumu, na kwa wiki mbili hawakuniruhusu kugusa hata ufagio.

Katika wiki hizo mbili nilikuwa nikilala mchana na kukesha usiku. Nilijua magari yote ya abiria yanayopita barabarani kwa mlio wa injini. Majirani walipopita waliuliza, "Bado tu hujarudi kazini?" Lilikuwa swali la salamu tu, lakini mimi nilikuwa nakwenda kujifungia ndani hadi jioni. Dawa nilikuwa nakunywa, ila siku zangu hazikuwa na mwanzo wala mwisho.

Aliyenitoa hapo ni mjomba wangu, ambaye anakusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka kituoni. Hakunipa mawaidha. Alisema tu kwamba macho yake hayaoni vizuri alfajiri, akaomba nimwandikie daftari. Ikawa kila siku saa 12:30 asubuhi lazima niwe njia panda na kalamu. Wafugaji walikuwa 11. Mama fulani lita nne, baba fulani lita sita, mwingine leo hakuleta kwa sababu ng'ombe anaumwa kiwele. Kazi nzima ilikuwa haizidi saa moja na nusu.

Ng'ombe hana Jumapili wala hasubiri mtu apate hamu, kwa hiyo niliamka. Kwa kuwa niliamka mapema, usiku nilianza kulala. Wale wafugaji 11 walizungumza nami habari za pumba na bei, si habari za ugonjwa wangu. Mwisho wa mwezi walilipwa kwa hesabu nilizoandika mimi, na hakuna aliyelalamika. Daftari halikuniponya peke yake. Daktari na dawa vilifanya sehemu yao. Ila lilinirudishia siku yangu, nikawa na mahali pa kusimama wakati dawa zinafanya kazi.

Wapo watakaosema kwamba mtu huyu ameumizwa na kazi, sasa kwa nini tena apewe kazi? Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye neno kipimo. Aliyevunjika mguu kwa kubeba magunia hapewi gunia, lakini muda ukifika anaambiwa atembee hatua kumi, kesho ishirini. Anayekatazwa ni gunia, si kutembea. Kadhalika mgonjwa wa akili aepushwe na ile kazi ya presha, malengo na lawama, lakini asinyimwe shughuli ya mikono yenye saa yake na mwisho wake.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1954 daktari Mnijeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza utaratibu wa aina yake huko Aro, Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa wodini, aliwaweka kwenye nyumba za wanavijiji wa jirani wakiwa pamoja na ndugu zao. Walikwenda hospitali kutibiwa, na saa nyingine walishiriki maisha ya kijiji pamoja na kazi za shamba. Hapa nchini pia, baada ya Uhuru, vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili kwa mawazo yanayofanana na hayo.

Kuhusu upweke, majirani zetu wa Uganda wana somo. Katika wilaya za Masaka na Rakai ulifanyika utafiti katika vijiji 30, matokeo yake yakatolewa mwaka 2003. Katika nusu ya vijiji hivyo, watu wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumza matatizo yao na kusaidiana njia za kuyakabili. Waliokutana walipata nafuu kubwa kuliko wale wa vijiji ambavyo havikuwa na makundi. Hawa walikuwa watu wa vijijini kama sisi, si watu wa ofisi.

Zimbabwe nayo, kuanzia mwaka 2006 katika eneo la Mbare jijini Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Baada ya mazungumzo, wagonjwa waliunganishwa na makundi ambako walikaa pamoja wakisuka mikoba huku wakiongea. Angalia kwamba hawakuambiwa wakae tu waongee. Mikono ilipewa kazi ili mdomo nao upate nafasi.

Sasa tuje kwenye utekelezaji. Nyumba inayompokea ndugu wa likizo ifanye nini?

Kwanza, mwachie siku chache za kulala na kutulia, kama methali inavyosema. Wengi hufika wakiwa hawajalala vizuri kwa miezi. Baada ya hapo muulize yeye na daktari wake anaweza kufanya nini. Baadhi ya dawa huleta usingizi au kizunguzungu, kwa hiyo mashine ya kukata majani, msumeno na pikipiki viwe mbali hadi daktari aseme.

Pili, shughuli iwe ndogo, iwe na saa maalumu, na iwe inamhitaji kweli. Kumwagilia bustani jioni, kuokota mayai na kuyaandika, kupima mahindi ya wateja, kuandika mauzo ya genge. Kazi ya kumzuga, ambayo hata asipoifanya hakuna kinachoharibika, ataitambua na itamuumiza zaidi. Saa moja au mbili kwa siku zinatosha kwa kuanzia. Akishindwa siku moja, asisutwe. Kesho anaanza tena.

Tatu, chagua kitu ambacho matunda yake yataonekana ndani ya likizo. Mchicha huvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne tangu kupandwa. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Mtu ambaye moyo wake unamwambia kwamba hakuna litakalobadilika anahitaji kuona tuta alilopanda mwenyewe likiwa kijani kabla ya mwezi kwisha. Usimwanzishie parachichi za kuvuna baada ya miaka mitatu ukategemea zimpe moyo wiki hii.

Nne, na hapa nasema kama mchumi, likizo ya ugonjwa si wakati wa kuanzisha mradi. Nimeona watu wakishauriwa wachukue mkopo, wafuge kuku wa nyama 500 "ili wasikae bure". Kuku hao watakula mifuko mingi ya chakula, bei itashuka siku ya kuuza, na mgonjwa ataongeza deni juu ya sonona. Ardhi isiuzwe, mkopo usikopwe na kazi isiachwe wakati mtu bado anaumwa. Maamuzi makubwa yasubiri.

Tano, awepo angalau mtu mmoja wa nje ya nyumba ambaye wanaonana kwa siku na saa zinazojulikana. Anaweza kuwa wa kwaya, wa msikitini, wa bao, au wa kijiwe cha kahawa. Pia mfanyakazi mwenzake mmoja ampigie simu mara moja kwa wiki, wazungumze habari za watu na si za majukumu. Aliyepoteza mawasiliano kabisa huona siku ya kurudi kazini kama siku ya hukumu.

Sita, pombe. Kilabu kina watu na kina kelele, kwa hiyo mpweke hukiona kama tiba. Lakini pombe huzidisha sonona na hugombana na dawa nyingi. Mwenye kumpenda ndugu yake asimlipie bia kwa kumwonea huruma.

Saba, viuatilifu. Katika nyumba nyingi za wakulima sumu za shambani huwekwa chini ya kitanda au pembeni mwa jiko. Zifungiwe stoo yenye kufuli, na ufunguo akae nao mtu mwingine. Hili lifanyike katika kila nyumba, awe yupo mgonjwa au hayupo, kwa sababu hakuna anayejua moyo wa mwenzake usiku wa manane. Na mtu akianza kusema heri afe, au akikaa siku kadhaa bila kula wala kulala, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali mara moja. Hapo hatuzungumzii tena bustani.

Najua kuna msomaji anayejiuliza: "Hao wana siku 126, sisi tuna ngapi?" Mkulima na machinga hawana likizo ya ugonjwa. Mama lishe akiugua sonona, anafunga kibanda na kipato kinafika sifuri siku hiyohiyo. Kisha anakumbwa na upweke uleule, kwa sababu wateja na majirani wa sokoni ndio waliokuwa watu wake.

Kwa kundi hili, chombo tulicho nacho ni vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, kama VICOBA. Vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na wagonjwa waliolazwa. Napendekeza mambo matatu yaingizwe kwenye katiba zao. La kwanza, mwanachama mwenye cheti cha daktari cha ugonjwa wa akili ahesabiwe mgonjwa kama aliyelazwa, na apate msaada uleule.

La pili, kwa kipindi kitakachokubaliwa, tuseme wiki nane, asitozwe faini ya kutonunua hisa, na marejesho ya mkopo wake yasogezwe mbele. La tatu, na kwangu ndilo kubwa, aendelee kuja kwenye mkutano wa kila wiki hata kama hana hisa mkononi. Apewe kazi ya kuhesabu au kushika daftari akiweza. Kikundi kinachomwambia mgonjwa "utarudi ukipona" kinamnyang'anya kitu ambacho kingemsaidia kupona.

Wafanyabiashara wa sokoni nao wanaweza kukubaliana kushikiana vizimba. Jirani akiuza nyanya za mwenzake kwa wiki tatu kwa makubaliano ya mgawo, mgonjwa atarudi akute wateja wake wapo. Na asubuhi mbili tatu kwa wiki aje akae hapo kizimbani saa moja, hata kama hauzi, asalimiane na watu.

Gharama ya kutofanya hivi ni kubwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2022 yalikadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayoonyesha kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaathiriwa na upweke. Nyuma ya takwimu hizo kuna mashamba yasiyopaliliwa, maduka yaliyofungwa na ada za watoto zisizolipwa.

Waajiri nao wasikae pembeni wakidhani wajibu wao umeishia kwenye kulipa mshahara. Ofisi inayoweza kutuma mtu na shada la maua kwa aliyevunjika mguu inaweza pia kutuma salamu kwa aliye nyumbani kwa sonona, na kumwambia kwamba meza yake ipo. Siku akirudi, aanze na nusu siku au kazi nyepesi kwa wiki chache, badala ya kumkabidhi mafaili yote ya miezi miwili asubuhi ya kwanza.

Msimu huu, kabla hujapanga vibarua wa palizi, tazama kama hakuna mtu nyumbani kwako au kwa jirani yako ambaye amekaa kibarazani tangu asubuhi. Kama yupo, msogezee jembe dogo, mwonyeshe tuta moja tu, kisha na wewe shika lako mlime pamoja.

Mwandishi wa makala hii ni mchumi kilimo.